Penseli anaishika kwa ngumi, na kila kitu kwake ni "ile": nimpeleke tuisheni?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Newala. Kazi yangu ni ufundi cherehani, nashonea hapa hapa nyumbani, barazani. Baba watoto yuko Dar es Salaam kikazi, na hapa nyumbani naishi na mama mkwe.

Mwanangu wa mwisho, wa kiume, alitimiza miaka mitano mwezi wa tatu na mwaka huu ameanza darasa la awali. Wiki iliyopita mwalimu wake aliniita akanionyesha daftari. Kurasa zimetoboka. Penseli anaishika kwa ngumi nzima na kuikandamiza mpaka ncha inakatika. Wenzake wanaandika a, e, i, yeye hata duara linamshinda kulifunga. Halafu akiulizwa swali anajibu neno moja, au ananyoosha kidole na kusema "ile". Kikombe ni "ile", ndala ni "ile", hata mbuzi wa jirani ni "ile".

Mwalimu wake amenishauri mambo matatu. Nimlipie tuisheni ya jioni, nimnunulie madaftari ya kufuatisha herufi afanye kila siku, na tuache Kimakonde nyumbani maana kinamchanganya. Hilo la mwisho limemuumiza sana mama mkwe. Kiswahili anakielewa, lakini kuongea kutwa nzima hakiwezi, na yeye ndiye anayeshinda na mtoto. Mwenyewe anasema tatizo ni mkono wa kushoto. Mtoto huyu tangu aanze kushika kijiko anatumia kushoto, na bibi yake akimwona humpiga kofi la mkono na kukihamishia kijiko kulia.

Mchana nikiwa na nguo za watu nampa simu aangalie katuni, anatulia pembeni yangu nami namaliza kazi. Binti wa jirani, wa umri uleule, anaandika jina lake. Watu wameanza kumwita mwanangu mzito, na yeye anawasikia. Nifanyeje, Mwalimu? Nimlipie tuisheni? Nimkataze bibi yake asiongee naye?

Mama wa Newala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. La mtoto kuitwa mzito mbele yake mwenyewe ndilo lililoniuma kuliko yote uliyoandika, kwa hiyo nianze nalo. Anayemwita hivyo mwambie akome, awe shemeji, awe mteja mwenye nguo yake mezani. Mtoto wa miaka mitano akishaamini kwamba hawezi, ataiogopa penseli kabla hajaigusa.

Hela ya tuisheni iweke kwanza. Kwenye tuisheni mtoto huyu atakalishwa saa nyingine nzima na penseli ileile inayomliza asubuhi, wakati kinachomkosesha kuandika hakiko kwenye penseli. Mkono wenyewe haujakomaa. Kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoungana na mkono, kina mifupa midogo 8. Mtoto huzaliwa mifupa hiyo ikiwa bado gegedu laini kama la ncha ya pua, nayo hukomaa mmoja baada ya mwingine kwa miaka mingi. Kwa mtoto wa miaka 5 kazi hiyo bado inaendelea. Tena nguvu ya mkono inashuka kutoka juu: bega kwanza, kiwiko, kifundo, na vidole mwisho kabisa. Mtoto ambaye bega na kifundo havijapata nguvu hukamata penseli kwa ngumi na kukandamiza kwa mkono mzima, kwa sababu vidole peke yake haviiwezi. Karatasi inatoboka, ncha inakatika.

Michoro nayo ina mfuatano wake. Kwa kawaida mtoto huanza na mstari wa kusimama, kisha wa kulala. Duara huja karibu na miaka mitatu, alama ya kujumlisha karibu na minne, mraba kati ya minne na mitano, na pembetatu baada ya hapo, kwa sababu mstari wa mshazari ndio mgumu kuliko yote. Sasa tazama herufi k, v na z zilivyojaa mishazari. Mtoto wako duara bado linamsumbua, na wanataka arukie huko. Amechelewa kidogo kwenye duara, sikufichi, lakini dawa yake ni kumrudisha alipofikia na kumpandisha taratibu. Madaftari ya kufuatisha herufi usiyanunue kwa sasa.

Ulipotaja cherehani nilifurahi, maana wewe una vifaa ambavyo madarasa mengi ya awali hayana. Una vifungo, una uzi, una chaki ya fundi, una mabaki ya vitenge.

Chukua bakuli la vifungo, umwage kwenye kipande cha kitenge chini ya meza yako. Kazi yake ni kukutafutia vyeupe vyenye matundu manne. Kifungo kidogo hakikamatiki kwa ngumi. Lazima kidole gumba na cha shahada vikutane, na vidole hivyo ndivyo vitakavyokuja kuishika penseli. Akishazoea kuvipanga, mpe uzi mnene au kamba ya kiatu avitunge: mkono mmoja unashika kifungo, mwingine unapenyeza kamba. Mikono miwili inayofanya kazi tofauti kwa pamoja ni jambo kubwa kwa umri wake. Mkasi mtafutie mdogo wenye ncha butu, akatie karatasi ulizochorea vipimo na umeshazimaliza, maana kitambaa kitamshinda. Mwanzoni mpe vipande vyembamba ambavyo mkato mmoja unavimaliza, baadaye mchoree mstari aufuate. Mkasi wako wa kazi na sindano vikae juu asikofika. Na kama kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu anayepitapita hapo barazani, vifungo hivyo vitolewe yeye akiwa amelala, maana vitaishia kooni.

Chaki ya fundi ile bapa, au kipande kifupi cha chaki ya shule, ni mwalimu mzuri wa kushika. Kifupi hakienei kwenye ngumi, kwa hiyo vidole vinajipanga vyenyewe. Achoree kwenye mlango au ukutani, pahala panapolingana na macho yake. Mkono ukiwa juu hivyo, bega linafanya kazi na kifundo kinakaa mkao unaotakiwa wa kuandika. Achore jua, magurudumu, sufuria, chochote chenye duara, baadaye njia panda. Na akichoka kusimama alale kifudifudi kwenye mkeka achore akiwa ameegemea viwiko. Shida ya kukandamiza ina dawa nyepesi: tandika kanga iliyokunjwa chini ya karatasi. Akikandamiza, penseli inatoboa palepale, anaona mwenyewe, anapunguza nguvu bila wewe kusema neno.

Asubuhi muache afunge vifungo vya shati lake la shule, aanze na cha chini kabisa anachokiona vizuri. Itachukua muda na utatamani kumsaidia. Muamshe mapema kidogo, uvumilie.

Sasa nije kwenye maneno. Wengi wanadhani mkono ni habari moja na ulimi ni habari nyingine, kwa hiyo asubuhi mtoto anafundishwa kushika na jioni anafundishwa kutamka. Mimi nimefundisha madarasa ya awali huku kusini miaka mingi, na naamini kabisa kwamba mtoto huokota maneno pale mikono yake ilipo. Neno analolisikia wakati vidole vyake viko ndani ya jambo lenyewe linakaa. La kukaririshwa kwa picha ukutani huwa linaondoka na picha yake.

Mfano ni mbaazi. Siku bibi yake anapomenya mbaazi mbichi, mtoto akae naye mkekani, na simu isiwepo. Ampe ganda moja na kumwonyesha mshono wake. Kidole gumba kinabonyeza mshono pale kwenye ncha, ganda linapasuka, kidole kinapita ndani toka juu hadi chini na punje zinadondoka kwenye ungo. Mara ya kwanza atalisaga ganda lote kiganjani. Muacheni. Mpe jingine, lile lililokomaa zaidi, hupasuka kirahisi. Wakati huohuo yapo mambo ya kusema ambayo hakuna kitabu kitakachokupa: hili limejaa, hili tupu, hili changa, hili limekauka, hili lina funza, mtupie kuku. Limeteleza. Limerukia kule. Zimebaki chache. Pepeta, makapi yatoke. Hapo pana maneno zaidi ya kumi, na mtoto ameyashika yote kwa vidole.

Na "ile" yake ikija, fanya hivi. Akinyoosha kidole kuonyesha ungo na kusema "ile", usimwambie "sema ungo, sema!" Watu wazima tunapenda sana kuwalazimisha, na mtoto akilazimishwa hufunga mdomo kabisa. Wewe mrudishie sentensi iliyokamilika:

"Unataka ungo? Ungo ule mpana, au huu mdogo?"

"Ule."

"Haya, ulete ungo mpana tumwagie mbaazi."

Amesikia "ungo" mara tatu, amesikia "mpana" na "mdogo", na mwenyewe bila kuambiwa amekosea ametoka kwenye "ile" akaingia kwenye "ule". Hiyo ni hatua kubwa. Kiswahili kinamdai mtoto ajue kwamba ungo ni ule, kikombe ni kile, maganda ni yale, mbuzi ni yule, na anayesema "ile" kwa kila kitu anajificha kwenye neno moja ili asikosee. Kumbuka pia kumpa maswali ya kuchagua kati ya vitu viwili badala ya "hii ni nini?" kutwa nzima, ambalo ni swali la mtihani. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujamjibia. Watoto wengi wana jibu, ila tunawawahi.

Kazi nyingine za nyumba yako zinafaa vilevile na sina haja ya kuzieleza moja moja. Kupukuchua mahindi kunamtia nguvu kidole gumba, kama ilivyo kuchambua choroko, kukamua tui na kufinyanga unga uliobaki kwenye sufuria. Kubeba maji kwenye kidumu kidogo kunajenga bega. Nguo ukianika, vibanio abane yeye. Msimu ukifika, aende na bibi yake shambani aokote korosho na kuzinyofoa kwenye mabibo, zoezi zuri sana la kuzungusha kifundo. Kubangua asiguse. Maganda ya korosho yana mafuta yanayounguza ngozi, na mikono ya watu wazima wanaobangua bila kinga inaonyesha hivyo.

Hapa nifike kwa mama mkwe wako, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwalimu bora uliye naye. Usimkataze Kimakonde. Lugha mbili hazimcheleweshi mtoto kusema. Maneno yake yahesabiwe kwa lugha zote mbili pamoja: anayejua jina la kitu kwa Kimakonde tayari ana wazo la kitu hicho, kilichobaki ni kumpa jina la pili. Kimakonde nacho kina ngeli na mapatano yake ya kisarufi, kwa hiyo akili inayojifunza kusimulia vizuri kwa bibi inajijenga kwa ajili ya Kiswahili pia. Ukimnyima lugha hiyo, atakuwa anashinda kutwa na mtu asiyeongea naye, na hasara hiyo ni kubwa kuliko huo mchanganyiko unaouogopa. Bibi aongee Kimakonde, amsimulie hadithi, amtegee vitendawili. Wewe ongea Kiswahili, na jioni mtegee vyako: "Nyumba yangu haina mlango." Akishindwa kutaja yai, asikupe mji mara moja, mpe kwanza dalili, umwache aseme maneno mengi akitafuta.

Kuna jambo nataka umuulize mama mkwe leo hii. Huyo mtoto akiwa naye peke yake, kwa Kimakonde, husimulia? Anaweza kumwambia kuku kaingia jikoni kamwaga unga, akafukuzwa, akakimbilia kwa jirani? Kama ndiyo, basi mtoto wako ana lugha nzima, na Kiswahili kitakuja kadiri anavyokisikia zaidi. Kama hata kwa bibi anasema neno mojamoja, basi tatizo liko kwenye lugha zote mbili, na hapo utahitaji wataalamu pamoja na haya yote niliyokueleza.

Mkono wa kushoto. Karibu mtu 1 kati ya 10 anatumia kushoto, ndivyo alivyoumbwa, na kumpiga kofi la mkono kunamfundisha kuogopa mkono wake wenyewe. Naelewa bibi anatetea adabu ya kula, na sitaki mvunjiane heshima kwa hilo. Mnaweza kukubaliana kwamba chakula cha sinia moja kinaliwa kwa kulia, afundishwe kwa upole tu, lakini penseli, mkasi na chaki achague mwenyewe, na kofi likome. Akiandika, daftari likae kidogo upande wake wa kushoto na sehemu yake ya juu ilale kuelekea kulia, na penseli aishike juu kidogo ya ncha ili aone anachoandika. Darasani akae mwisho wa dawati upande wa kushoto. Akikaa katikati, kiwiko chake kitagongana na cha mwenzake siku nzima.

Simu sikulaumu. Unafanya kazi na huna msaidizi. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilishauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa 1 ya skrini kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Wako amevuka umri huo kidogo tu. Katuni inasema maneno mengi lakini haimsubiri mtoto ajibu, na kidole kinachotelezesha kioo hakipati nguvu yoyote. Usimnyang'anye kwa siku moja, atakusumbua na kazi za watu zitalala. Anza kwa kubadilisha saa moja, ile ambayo unashona nguo nyepesi, iwe saa ya vifungo huku unamsemesha: pindo hili, kola hii, mfuko umekaa upande. Mfanye msaidizi wako. Mteja akija, yeye ndiye ampe nguo na kumwambia "nguo yako iko tayari."

Kwa mwalimu wake nenda kwa heshima. Darasa la awali lina watoto wengi, na kukuita kwake kunaonyesha anamjali mwanao. Mwombe kiti cha pembeni, mwombe asimlazimishe mkono wa kulia, na akubali achore ubaoni kwa chaki fupi wakati wengine wanaandika. Mweleze mnachofanya nyumbani. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na mtaala wa ngazi hiyo unataka mtoto ajifunze kwa kucheza na kutenda. Kusoma, kuandika na kuhesabu kunakaziwa zaidi Darasa la Kwanza na la Pili. Kwa hiyo hajaachwa na gari, na wewe hujakiuka chochote kwa kumpa mbaazi badala ya madaftari.

La mwisho hukuliandika, na mimi sitaki tulipite. Je, anasikia vizuri? Mtoto anayeongea maneno machache ni lazima masikio yake yaangaliwe. Akiwa amezama kwenye vifungo, simama nyuma yake umwite kwa sauti ya chini, siku tofauti, upande wa kulia na wa kushoto. Kumbuka kama amewahi kutoka usaha masikioni, au kama hupenda sauti ya simu iwe juu. Ukiwa na shaka hata kidogo, mpeleke zahanati au kituo cha afya na uombe apimwe masikio, wakupe rufaa ya hospitali ya wilaya, au Ligula mjini Mtwara, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo. Nenda pia bila kusubiri kama alikuwa na maneno ambayo sasa ameyapoteza, kama watu wa nje hawamwelewi kabisa anachosema, kama mkono mmoja unaonekana dhaifu au hautumii kabisa, au kama kwa Kimakonde nako anasema neno mojamoja. Nenda na kadi yake ya kliniki, na mchukue bibi yake mwende pamoja, maana maswali mengi watakayouliza majibu yake anayo yeye.

Ukishajua habari ya masikio na lile swali la bibi, niandikie tena uniambie.

Mwalimu